Fremu Nyepesi ya Sista Mwikali

Juzi nilipita sokoni Tulia, kwa vijana wanaotengeneza pikipiki, nikamkuta mmoja anaipiga nati kwa nyundo. Nati inakataa kuingia, naye anaipiga kama anayeua nyoka. Sikusema kitu. Mzee akianza kusema sokoni huletewa kiti na soda, halafu kila mtu anaendelea na kazi yake. Lakini nilifika nyumbani maneno yakiwa bado mdomoni, na mke wangu akaniambia, "Mutisya, kama ni lazima useme, basi andika." Haya basi. Barua hii ni yako wewe uliyeshika ile nyundo, pamoja na wenzako.

Wengi wenu mnanijua kama mzee wa kuuza ndengu. Lakini kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa fundi wa baiskeli, na grisi haikuwahi kutoka kwenye kucha zangu. Picha ya harusi yangu iko ukutani. Njoo uangalie mikono. Mama mkwe aliangalia siku ile, na uso wake pia uko kwenye picha.

Kazi nilifundishwa Malili, kwenye barabara ya Mombasa, na mzee tuliyemwita Baba Njeri. Alikuwa Mkikuyu aliyehamia pale na jamaa yake, akajenga kibanda cha mabati na kuanza kuziba tairi. Hakuweza kusema "baisikeli" bila kuweka "th" mahali pa "s". Nikimcheka ananiambia, "Haya, wewe sema chai." Nami, kwa ulimi wangu wa Kikamba, nasema, "Kyai." Basi tunacheka wote wawili na kurudi kazini.

Baba Njeri hakuwa mtu wa kueleza sana. Alitandika gunia chini, na kila kitu kilichotoka kwenye baiskeli kililala juu yake kwa mpangilio: cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia. Wakati wa kurudisha unaanzia kulia. Mtu akikuita katikati ya kazi, ukirudi gunia linakuambia ulikuwa wapi. Gololi zilioshwa kwa mafuta taa kwenye vifuniko vya makopo, za upande huu mbali na za upande ule, kwa sababu zimesagika pamoja na zimezoeana. Siku moja kuku wa jirani alimeza gololi moja ya gurudumu la mbele. Nilitumwa nimfuate kuku huyo mpaka airudishe. Niliipata kesho yake asubuhi. Nikaiosha mara tatu, na mpaka wa leo sipendi firigisi.

Na kitu kimoja alikirudia mpaka nikawa nakisikia hata nikilala: nati yoyote inaanzwa na vidole. Kama vidole haviwezi kuizungusha mara tatu, weka spana chini, kuna jambo hujajua. Neno hilo nililisikia, nikalikubali, nikalirudia kwa wengine. Kulifuata ndiko kulikochelewa.

Nilipojiona nimeiva, nilirudi kwetu Kitui nikaweka meza yangu Tulia, kando ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi. Ilikuwa miaka ya sabini, na baiskeli ilikuwa ndiyo gari la watu. Ilibeba maji, mahindi, wagonjwa, na maharusi pia. Mteja niliyemheshimu kuliko wote alikuwa Sista Mwikali, nesi wa zahanati ya kule Matinyani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, amenizidi miaka kama kumi, na alizunguka vijijini kuwaona akina mama wajawazito. Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, ya kiume, ile yenye bomba la juu. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kumsimamisha mlangoni akamwambia si heshima mwanamke kupanda chombo kama kile. Sista akamjibu kwa upole, "Sawa, Mzee. Mke wako akishikwa na uchungu nitakuja kwa miguu. Mwambie anisubiri." Mke wa yule mzee alikuwa na mimba ya miezi minane. Habari ya heshima iliishia hapo, na Sista akajishonea sketi iliyopasuliwa katikati kama suruali pana, akaendelea kupiga pedali.

Siku moja alikuja kwangu anasukuma baiskeli yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amebeba fremu tupu. Ndiyo, kwa mkono mmoja. Mwalimu mmoja mgeni alikuwa amemaliza muda wake akarudi kwao Ulaya, akamwachia fremu ya baiskeli ya resi, ya rangi ya kijani kama jani la mbaazi, pamoja na foku yake, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Vitu vingine vyote vilikuwa vimekwisha au vimeibiwa. Sista aliiweka kwenye meza yangu, akanishikisha.

"Sikia vile ni nyepesi," akasema. "Mutisya, magoti yangu yamechoka na hiyo nyeusi. Unaweza kutoa vitu vyote kwa hiyo na kuviweka kwa hii?"

Watu wa posho mill walikuwa wameshakusanyika. Huko kwetu fremu ya kijani ni sherehe. Mmoja akasema kazi kama hiyo inatakiwa kupelekwa Nairobi. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nikasema kwa sauti, "Nairobi ya nini? Sista, kuja Jumamosi uichukue."

Mnaponunua baiskeli mpya dukani, kila kitu kimezaliwa na kingine. Lakini ukihamisha vitu vya baiskeli moja kwenda kwa fremu ya nyingine, unawaoza watu wasiojuana. Inabidi kupima kwanza. Mimi sikupima. Nilitandika gunia nikaanza kufungua, watu wakiangalia.

Nguzo ya kiti ilikuwa nyembamba kuliko tundu la fremu mpya. Hiyo si shida: nilikata ukanda wa bati la kopo, nikauzungusha kwenye nguzo, kiti kikasimama imara. Magurudumu yalikuwa madogo kidogo kuliko yale fremu iliyoyazoea, kwa hivyo breki hazikufika kwenye rimu, ziliuma tairi. Nilikunja vipande viwili vya chuma, nikavitoboa matundu, nikateremsha breki mpaka zikakaa mahali pake. Kazi hiyo ilikuwa safi, na ninajivunia mpaka leo. Nilijua pia kwamba kwa magurudumu madogo baiskeli imeshuka, na pedali zitagonga mawe kwenye kona. Nikapanga kumwonya.

Halafu nikafika kwenye vikombe.

Kwa nyinyi msiojua baiskeli: pale chini pedali zinapozungukia kuna bomba fupi lililolala, na ndani yake mna ekseli. Kila upande wa bomba hufungwa kwa kikombe cha chuma chenye gololi, na kikombe kinaingia kwa thredi, ile mistari inayozunguka kama ya nati. Kwa baiskeli zote nilizokuwa nimefungua maishani, kikombe cha kulia hufungwa kinyume. Unazungusha kuelekea kushoto ndipo kinaingia. Nikachukua kikombe cha kulia, nikazungusha kushoto kwa vidole. Kikakataa. Nikapaka grisi. Kikakataa. Nikajiambia ni rangi imeingia kwenye thredi. Kumbe fremu ile ilitoka nchi ambako hufunga pande zote mbili kama nati ya kawaida, na hata unene wa kikombe chao si ule wa kwetu. Sikujua kwamba nchi zinaweza kutofautiana kwa jambo kama hilo. Nilidhani chuma ni chuma.

"Imekataa, fundi?" mtu akauliza.

"Inakuja," nikasema, nikachukua nyundo.

Nilikipiga mpaka kikashika mdomo wa bomba, halafu nikaweka spana, na kwa spana nikaongeza bomba refu la maji. Kikaingia kinalia. Chembe za chuma zilinimwagikia mguuni, na nilijua ni nini: thredi ya fremu ilikuwa imekufa. Kikombe kikawa kinacheza. Basi nikafanya kile ambacho, lazima niseme, nilikuwa nimeshafanya kwa baiskeli nyingine kabla ya hiyo. Nikazungushia ukanda wa bati, nikakipigilia tena, nikapaka rangi juu. Kikakaa. Ukitikisa, hakuna sauti.

Jumamosi Sista alikuja. Alizunguka soko mara mbili, sketi inapepea, akacheka kama msichana. "Asi! Hii inaruka!" Nikamwonya habari ya pedali na mawe kwenye kona. Habari ya kikombe nilinyamaza. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu aibariki kazi yangu.

Ilimbeba wiki tano hivi.

Ijumaa moja, asubuhi, aliitwa kwenda kwa mama mmoja ng'ambo ya mto wa mchanga, mbali kidogo na Matinyani. Mtoto alikuwa amegeuka, anakuja kwa miguu. Sista alikuwa kwenye mteremko wa kwenda mtoni, anapiga pedali kwa nguvu, kikombe cha kulia kilipotoka. Ekseli ikalala upande, pedali ikakwama kwenye fremu, cheni ikaruka, naye akatupwa mbele juu ya stelingi. Alipasuka kidevu na kuchubuka mikono. Aliiacha baiskeli hapo hapo, akajitwika sanduku la dawa, akavuka mchanga kwa miguu na kupanda upande wa pili akikimbia.

Mimi habari niliipata kwa baba wa yule mtoto, mchana, alipokuja posho mill. Alisema mtoto ni msichana, yuko hai, na mama yuko hai. Alisema Sista alifika nguo yake imejaa damu, wakadhani ameshambuliwa. "Baiskeli ilimwangusha," akasema, na akaniangalia, bila ubaya, vile mtu anavyomwangalia fundi. Nilienda mtoni mwenyewe. Niliikuta baiskeli, na kikombe changu kiko kwenye vumbi hatua chache nyuma, na ule ukanda wa bati umekunjuka kama ganda la ndizi.

Jumapili Sista alikuja kanisani na bandeji kidevuni. Wakati wa ushuhuda alisimama, akamshukuru Mungu kwa yule mtoto. Halafu akasema hivi, nami nilikuwa benchi la nne: "Na nisisikie mtu anamlaumu fundi Mutisya. Alinitengenezea vizuri. Baiskeli ni chuma, na chuma huvunjika." Watu wakasema amina. Mama yangu, aliyekuwa upande wa akina mama, aligeuka akanitabasamia.

Ningeweza kusimama. Miguu ilijua njia ya kusimama. Sikusimama. Niliimba wimbo uliofuata mpaka mwisho, na nilitoka kwa mlango wa pembeni.

Jumatatu niliifungua ile fremu niliyoirudisha kutoka mtoni, nikaibeba mpaka Malili. Baba Njeri alifurahi kuniona, akaniitishia chai, akaipokea fremu na kuisifu rangi. Halafu akaingiza kidole kwenye lile bomba la chini, akakizungusha polepole. Kilipotoka kilikuwa na chembe za chuma.

"Mutisya. Hii ulilazimisha."

"Ndiyo, Mzee."

"Ulianza na vidole?"

"Nilianza."

"Vikasema nini?"

"Vilikataa."

Akapangusa kidole kwenye suruali. "Kulikuwa na watu wanaangalia," akasema.

Nilishangaa amejuaje. Akakaa kwenye lile sanduku lake la spana, akaanza kucheka kidogo kidogo, bila furaha nyingi. "Yangu ilikuwa foku ya mwalimu mkuu," akasema. "Watu walikuwa wanne. Mmoja alikuwa baba mkwe." Kisha akaacha kucheka. "Nani ameumia?"

Nikamweleza yote, mpaka kanisani. Alisikiliza huku chai inapoa. Nilipomaliza aliuliza kama nimemwambia Sista. Nikasema bado, nilitaka kwanza itengenezwe, nimpelekee ikiwa nzuri.

"Hapana," akasema. "Fremu inabaki hapa. Wewe rudi umwambie mikono ikiwa mitupu."

Nimewahi kutembea njia ndefu, lakini ile ya kutoka barabarani mpaka zahanati ya Matinyani kesho yake ilikuwa ndefu kuliko zote. Nilimkuta Sista nyuma ya jengo anachemsha sindano. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nilieleza habari ya thredi, nyundo, bati, na rangi niliyopaka juu. Alikuwa na koleo mkononi, akaendelea kutoa sindano moja moja na kuzipanga kwenye sinia.

"Mtoto alikuwa ametoka mpaka mabegani," akasema mwisho. "Kichwa kimekwama. Mama yake alikuwa ameshaacha kusukuma. Nilipofika, Mungu alikuwa amewashikilia wote wawili. Siku nyingine, Mutisya, sitaki Yeye afanye kazi yake, na yangu, na yako."

Nikasema, "Nisamehe, Sista."

"Nimesikia." Akaweka koleo chini. Nilidhani sasa atalia au atanifukuza. Badala yake aliniangalia kama anayemwangalia mgonjwa anayeficha ugonjwa. "Ni ngapi zingine?"

"Zingine gani?"

"Zenye bati."

Vijana, hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa habari yake yeye. Nikahesabu kwa vidole: ya muuza maziwa, ya katekista wa Matinyani, na ya fundi cherehani wa Tulia. Tatu.

"Basi zitafute," akasema. "Kabla sijaitwa kushona videvu vyao."

Nilizitafuta. Muuza maziwa alinitukana mpaka maziwa yakakaribia kuganda, lakini akaniachia baiskeli. Katekista aliniombea kwa muda mrefu, nikiwa nimepiga magoti kwenye changarawe. Yule wa cherehani alikataa kabisa. Alisema baiskeli yake iko sawa na mimi ninatafuta kazi. Nilimfuata mara nne. Mara ya nne mke wake ndiye aliyeitoa nje akanipa, yeye akiwa anapima mteja. Kila moja nilifungua, nikatoa bati, nikaweka kikombe kinachostahili, na mmoja nilimpa fremu yangu mwenyewe kwa sababu yake haikuwa ya kuokoka. Nilitembea kwa miguu karibu mwaka mzima.

Sasa, habari ya fremu ya kijani. Nilidhani nitaenda kuichukua Malili. Lakini siku moja ya soko nilisikia mtu anauliza kwa sauti pale posho mill, "Fundi wa mbaithikiri yuko wapi?" Nikageuka, nikamwona Baba Njeri, amevaa koti lake la kanisani, fremu iko begani, na mfuko wa spana mkononi. Alikuwa hajawahi kufika Kitui maishani mwake. Alilalamikia vumbi letu, akasifu muthokoi wa mama yangu, yale mahindi yaliyokobolewa, akala sahani mbili.

Dawa aliyokuwa ameipata ilikuwa hivi. Kulikuwa na fundi wa malori pale Malili mwenye mashine ya kuchonga chuma. Baba Njeri alimwomba achonge bomba fupi la kupita ndani ya lile bomba la fremu, kutoka upande hadi upande, lenye thredi zake mwenyewe. Vikombe vinafungwa kwenye hilo bomba jipya, kila kimoja kinavuta mwenzake, na fremu inabanwa katikati. Thredi iliyokufa haiulizwi kitu. Mkikutana na fremu kama hiyo, msiitupe. Na msipake rangi.

Tuliifunga pamoja, tukiwa tumekaa kwenye gunia moja. Aliniachia vikombe niweke mimi. Nilizungusha kwa vidole, mara moja, mbili, tatu, vikaingia kama vinateleza kwenye samli. Yeye alikuwa anaangalia upande mwingine, anazungumza na watu wa posho mill habari za mvua, lakini niliona sikio lake liko kwangu.

Tuliipeleka Matinyani sisi wawili. Baba Njeri alivua kofia akamsalimia Sista kwa heshima, akamwambia yeye ndiye aliyenifundisha, kwa hivyo kosa lina wazazi wawili. Sista akacheka, lile kovu la kidevuni likavutika. Nikamkabidhi baiskeli. Hakuipokea.

"Panda wewe kwanza," akasema.

Akaingia ndani akatoka na sanduku lake la dawa, akalifunga nyuma kwenye karia kwa kamba ya mkonge. Akaonyesha ule mteremko wa kwenda mtoni, mteremko ule ule. "Mpaka kwa mchanga," akasema. "Na upige pedali. Usiiachie tu iteremke."

Nilipanda. Wagonjwa walitoka wote kutazama, na mama mmoja akauliza kama ni mashindano. Nilipiga pedali kwenye ule mteremko nikisikiliza kila kitu: cheni, spoku, breki zangu mbili za vipande vya chuma, chupa zinazogongana kwenye sanduku. Sijawahi kuogopa hivyo tena, wala sijawahi kusikia baiskeli vizuri hivyo tena. Nilifika chini kwenye mchanga, kila kitu kikiwa mahali pake. Nikaisukuma kurudi juu, jua linaniwakia mgongoni, na wale wawili wamesimama pale juu wananingoja, mmoja ameshika kofia, mwingine amekunja mikono.

Sista alinipa maji kwenye kikombe cha bati. Alingoja ninywe yote.

"Haya, Mutisya," akasema. "Ninaweza kwenda?"

Nilikuwa nimezoea kumjibu mteja kabla hajamaliza kuuliza. Siku hiyo nilipiga magoti kwanza, nikashika pedali kwa vidole, nikatikisa upande wa kulia, halafu wa kushoto, halafu tena wa kulia. Ndipo nikasimama nikamwambia aende.